Uliza Fundi: Kisu cha Mfukoni Kinagoma Kufunguka, Nitie Mafuta Gani?

Toleo lililopita niliandika juu ya kunoa mikasi ya mafundi nguo. Barua zilizofuata karibu zote zimeiruka mikasi na kuniuliza habari za visu vya kukunja: kwa nini vinagoma, na vitiwe mafuta gani. Nimefurahi sana. Kwa mtu wa Mwanza kisu cha mfukoni ni mwenzake wa kazi. Kinakata nyavu, kinapaa samaki, kinamenya chungwa stendi ya Nyegezi, kinafungua kiroba cha dagaa. Mimi natengeneza cherehani na kunoa vyote vyenye makali kwenye kibanda pembeni ya Makoroboi, kazi niliyoachiwa na baba, na haya nitakayoyasema ndiyo ninayowafanyia wateja wangu.

Shikamoo mama fundi. Nauza samaki, nachukua mzigo Mwaloni Kirumba na kuwapaa hapo hapo kwa ajili ya wateja. Kisu changu cha kukunja kilikuwa kinafunguka kwa kidole kimoja. Siku hizi hadi nikishike kwa meno. Nakipaka mafuta ya sangara kila jioni maana ndiyo niliyo nayo. Kinalainika, lakini siku ya pili kimegoma tena. Nifanyeje? – Muuza samaki, Kirumba

Marahaba mwanangu. Kwanza nakuomba uache kukifungua kwa meno, uache leo leo. Kisu kilichokwama kikiachia huachia ghafla, na mdomo wako uko pale pale.

Sasa swali lako. Mafuta ya sangara ndiyo yanayokigomesha. Jioni yanalainisha kwa sababu bado ni mabichi. Yakishaingia ndani ya kiungo, pale ubapa unapozunguka kwenye pini yake, yanakutana na hewa. Mafuta ya samaki yana tabia ya kushikana na oksijeni na kubadilika polepole hadi kuwa gundi. Siku ya kwanza huoni kitu. Ila kila jioni unaongeza tabaka jipya juu ya la jana, na ndani mle mmeshaingia ute wa samaki na vipande vya magamba. Vyote vinashikamana.

Wateja wasioamini huwa nawaonyesha kipande cha kioo kilichoko dirishani kwangu. Nilikidondoshea mafuta ya aina mbalimbali, tone moja moja, nikayasambaza kwa kidole na kuyaacha wiki kadhaa. Ya alizeti yameshika utando kama wa maziwa yaliyochemshwa. Ukiyagusa yanavuta kidole. Ya pamba, hayo tuliyokulia nayo huku Usukumani, yanafuata nyuma. Ya sangara yamegeuka rangi ya chai ya rangi, yananata, na yananuka. Ya nazi hayajanata, lakini ukija asubuhi unayakuta meupe na magumu, maana nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Mwanza yetu, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata asubuhi nyingi zenye baridi kuliko hapo. Tone la mafuta ya cherehani limebaki vile vile. Ukikiinamisha kioo, linatembea.

Kwa hiyo mafuta ya kupikia yote weka kando, hata kama yanalika. Unachotaka ni mafuta ya madini, yasiyoganda na yasiyooza. Na kwa kuwa kisu chako kinagusa chakula cha watu, nenda duka la dawa uombe parafini ya maji, ile nyeupe isiyo na harufu ambayo watu wenye choo kigumu huinywa. Sema kwamba unataka ile ya kunywa, usije ukaishia na mafuta ya taa. Chupa moja ndogo itakukalisha muda mrefu sana. Mafuta ya cherehani ni mazuri mno kwa kiungo, na mengi ni ya jamii hiyo hiyo, lakini kiwandani hayakutengenezwa yaingie tumboni, na mengine yametiwa dawa za kuzuia kutu. Kwa kisu cha samaki mimi natia parafini.

Lakini usitie tone hata moja kabla hujakisafisha, la sivyo utakuwa unailainisha ile gundi tu. Chukua beseni la maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa mkono, weka sabuni ya kuoshea vyombo. Kifungue kisu nusu, kizamishe, ukisugue kiungo kwa mswaki wa zamani kutoka pande zote mbili, na ndani ya mfereji wa mpini unakolala ubapa. Kifungue na kukifunga ndani ya maji. Utaona uchafu wa rangi ya ugoro ukitoka kidogo kidogo, na katikati yake magamba madogo yanayong’aa. Endelea mpaka maji yasibadilike. Kama bado kinabana, kitie kwenye kikopo cha mafuta ya taa, kiungo kizame, kiache saa moja au mbili mbali na jiko, kisugue, kisha rudi kwenye sabuni ili harufu ya mafuta ya taa isihamie kwenye samaki wa mtu. Suuza, kung’uta, kifute, na ukiache wazi juani hadi kiungo kikauke kabisa.

Hapo sasa chovya kijiti cha meno kwenye parafini. Hicho kitone kinachoning’inia kwenye ncha ndicho kipimo chako. Kiguse kwenye upenyo kati ya ubapa na mpini, pale kwenye pini, na utakiona kinanyonywa chenyewe kuingia ndani. Geuza upande wa pili, fanya vivyo hivyo. Fungua na kufunga mara kadhaa, futa yanayotoka kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na weusi, rudia. Kikitoka safi, umemaliza. Kwa kazi yako wewe, kioshe kila jioni kwa maji ya moto na sabuni, kikaushe, kisha kitie kitone mara moja kwa wiki. Kuosha ndiko kutakakokusaidia zaidi ya mafuta. Na kama unakata sangara wa chumvi, wale wa kayabo, usikiweke kisu hata saa moja bila kukisuuza, kwa sababu chumvi hutoboa hata chuma kinachoitwa stenlesi.

Fundi, mimi ni mvuvi wa dagaa huku Ukara. Kwenye mtumbwi tuna oili ya kuchanganya na petroli ya injini, na nyumbani kuna dumu la oili chafu. Ipi inafaa kwa kisu cha kukatia kamba? Changu kikifunguliwa kinasaga, unasikia kabisa mchanga. – Mvuvi, Ukara

Oili chafu hapana, kwa kisu chochote. Imebeba masizi na unga wa chuma kutoka ndani ya injini, na ina sumu zinazopita kwenye ngozi. Iache iende kwenye nguzo za uzio. Ile mpya ya kuchanganya na petroli haitaharibu kisu cha kamba, lakini imetengenezwa ili iungue. Ukikosa nyingine tia kitone, ukipata ya cherehani hamia huko. Na siku utakapomenyea nacho embe, kioshe kwanza.

Tatizo lako hasa ni mchanga. Dagaa mnaanika, kisu kinadondoka pale pale, au kinakaa mfukoni pamoja na mchanga wa ufukweni. Mchanga huo mwingi umetokana na mawe haya haya makubwa yanayotuzunguka, na punje zake ngumu ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Chukua msumari ukwaruze jiwe jeupe linalong’aa kama kioo, uone kipi kinapata alama. Sasa punje hizo zikikutana na mafuta mazito au grisi, hazitoki tena. Zinakaa kwenye kiungo na kukitafuna kila unapofungua, mpaka ubapa unaanza kucheza kulia na kushoto. Ukisikia kusaga, usiongeze mafuta ili sauti iishe. Kichovye ziwani, kifungue na kukifunga chini ya maji safi mbali na ufuko, kipulize kwa nguvu, kikaushe. Bahati yetu maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, hivyo kuoshea kisu ziwani si dhambi mradi ukikaushe. Ndugu zetu wa Tanga na Bagamoyo hawana nafasi hiyo; wao wakichovya baharini lazima wasuuze tena kwa maji baridi ya bomba.

Baada ya hapo tia kitone cha mafuta mepesi, kisha ufute kama vile unataka kuyaondoa yote. Utakaobaki ni utando usioonekana, na huo unatosha. Kisu cha mtu wa mchanga kiwe kikavu kwa nje, kisiachie alama ya mafuta kwenye kidole.

Habari dada fundi. Nina gereji ya pikipiki Nyakato. Kisu changu nakipulizia WD-40 kila asubuhi, jioni kimekauka. Hii dawa ni feki? – Fundi pikipiki, Nyakato

Nzuri, fundi mwenzangu. Huenda si feki hata kidogo. Dawa hiyo ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na hata jina lake linasema hivyo: ni mchanganyiko wa arobaini wa kuondosha maji. Sehemu kubwa ya kinachotoka kwenye kopo ni kiyeyushi kinachopaa hewani, na mafuta yanayobaki ni membamba. Basi itumie inapofaa. Kisu kikilowa, kipulizie ili maji yatoke kwenye kiungo. Kikiwa na masizi ya gereji, kipulizie yalegee. Ukishafuta, tia kitone cha mafuta ya cherehani, na hutahitaji kupuliza kesho. Mafuta ya breki usiyatie kabisa. Yanakula rangi na baadhi ya plastiki, tena yananyonya maji kutoka hewani. Thina nayo iweke mbali na mpini wa plastiki.

Mama, mimi ni mzee wa Magu. Nina kisu cha Okapi alichoniachia baba, kile chenye pete nyuma ya mpini. Kimeshika kutu na hakifunguki kabisa. Wajukuu wanasema nikitupe. – Mzee, Magu

Shikamoo mzee wangu. Usikitupe, nakusihi. Visu vya Okapi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe kwenye makoloni yao ya Afrika, na huku kwetu wakati huo ndiko kulikokuwa koloni lao. Tangu mwaka 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Sijakiona chako, kwa hiyo siwezi kusema ni cha lini, lakini kwa jinsi vilivyo rahisi kuundwa, vingi vinafufuka.

Chuma chake ni cha zamani, kinashika makali vizuri na kinashika kutu vizuri pia. Kilaze kwenye kikopo cha mafuta ya taa usiku kucha, mahali ambapo hapana moto wala watoto. Asubuhi shika mgongo wa ubapa kwa kitambaa kizito, vuta pete kuachia meno yanayoufunga, na ujaribu kuutikisa taratibu. Ukisogea hata unywele, umeshinda: rudisha kwenye mafuta ya taa, tikisa tena baadaye. Usitumie koleo kwa haraka, ubapa huu ukikatika hakuna wa kuuunga. Ukishafunguka, sugua kutu kwa steli wulu laini na mafuta yale yale. Msasa usiupeleke kwenye kiungo, utakipanua.

Utakapomaliza, chuma hakitang’aa kama kipya. Kitakuwa na rangi ya kijivu yenye mawingu, na rangi hiyo iache, kwa sababu inasaidia kuzuia kutu nyekundu isirudi. Tia mafuta ya cherehani kwenye pini na kwenye springi ya mgongoni, pale inapolalia meno, maana msuguano wa kisu hiki uko zaidi pale kuliko kwenye pini. Ubapa mzima ufute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kama unakiweka kabatini na hukitumii, paka Vaselini nyembamba juu ya ubapa. Ni nzito kwa kisu cha kila siku, kwa kisu cha kuhifadhi ni nzuri sana. Na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi hunyonya unyevu wa masika na kuushikisha kwenye chuma.

Nilizawadiwa na mgeni Mfaransa kisu cha Opinel chenye mpini wa mti. Kiangazi kinafunguka vizuri, masika kinabana mpaka kucha inauma. Nimetia mafuta, hakuna mabadiliko. – Mwalimu, Bwiru

Mafuta hayatasaidia, mwalimu, kwa sababu hapo kinachobana ni mti. Visu hivyo vinatengenezwa tangu mwaka 1890 kwenye milima ya Savoie, na ubapa umepita katikati ya mpini wenyewe, mti kwa chuma, bila washa, kile kibati cha duara chenye tundu, ya kuutenganisha. Mti ukinywa unyevu unavimba na kuubana ubapa. Kiweke kivulini penye upepo siku chache, kitalegea chenyewe. Usikioshe kwa kukizamisha. Kifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni.

Kikishakauka, pasha nta ya nyuki kidogo (ya Tabora inapatikana sokoni), ipake ndani ya mfereji na pande zote za kiungo ikiwa ya moto, kisha fungua na kufunga. Nta inaziba vinyweleo vya mti na pia inateleza. Ukikwamia darasani, wenyewe wa Savoie wana njia yao: hakikisha ile pete ya kufungia imegeuzwa na kuachia, kisha gonga kisigino cha mpini mezani, na ubapa utachomoza kiasi cha kuushika. Kama kimevimba hata baada ya kukauka vizuri, futa mti ndani ya mfereji kwa msasa laini, kidogo sana, ukijaribu kila mara. Ukizidisha, kiangazi kitakuwa kinajifungua mfukoni.

Shikamoo. Nimeagiza mtandaoni kisu chenye beringi, kinafunguka kwa kusukumwa na kidole. Baada ya mwezi kikawa kizito, nikakijaza grisi kila mahali. Sasa kinateleza, lakini juzi kilijifunga chenyewe nikikata boksi. Nashukuru hakikunikata. – Mwanafunzi, Malimbe

Marahaba mwanangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika haya yote, kwa hiyo isome taratibu.

Ndani ya mpini wa kisu cha namna yako kuna ulimi wa bati. Kisu kikifunguka, ulimi unaruka na kusimama nyuma ya kisigino cha ubapa, nao ndio unaozuia ubapa usirudi kwenye vidole vyako. Unazuia kwa msuguano wa chuma juu ya chuma. Ukipaka grisi pale, umeuondoa huo msuguano, na ulimi unaweza kuchomoka ukibonyeza kwa nguvu. Kwa hiyo acha kukitumia mpaka ufanye hivi: chukua pamba yenye spiriti, futa ncha ya ulimi na kisigino cha ubapa hadi pamba itoke nyeupe. Sehemu hizo mbili zikae kavu siku zote. Mafuta yakivuja kutoka kwenye kiungo na kufika hapo, futa tena.

Kisha ondoa grisi kwenye beringi. Vile vigololi vidogo vinataka mafuta mepesi. Grisi nzito inavifanya vijikokote na inakusanya nyuzi za mfukoni. Maji ya moto na sabuni, kausha, kitone kimoja cha mafuta ya cherehani kila upande, basi. Grisi kidogo ingefaa kama kisu chako kingekuwa cha washa za shaba, na hata hapo ni ya kupaka kwa ncha ya kijiti.

Bado kizito? Angalia skrubu ya kwenye pini, ile yenye tundu la umbo la nyota. Huenda imekazwa mno. Ilegeze kiasi kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko, ukitumia bisibisi inayoingia sawasawa, kisha shika ncha ya ubapa na uutikise pembeni. Ukicheza, umezidisha, kaza tena kidogo. 

Mwisho, kijaribu kabla hujakiamini. Kifungue, shika mpini ubavuni ili vidole vyote visiwe kwenye njia ya makali, kisha bonyeza mgongo wa ubapa juu ya ukingo wa meza ya mbao, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu zaidi kidogo. Kisisogee. Kikirudi hata mara moja ilhali ulimi ni mkavu na safi, basi ulimi umelika au haufiki mahali pake, na hakuna mafuta ya kutibu hilo. Kifunge, kifunge na kwa utepe, uniletee Makoroboi nikione.